Picha Nitaleta

Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, kuna watu wananiita "Mwenye Sala". Jina lina sababu. Kamera ninayotumia haipandishwi usoni. Inaning'inia kifuani kwa kamba ya ngozi, na ukitaka kupiga unafungua kifuniko cha juu, unainamisha kichwa na kuchungulia ndani kama mtu aliyedondosha ufunguo kisimani. Siku ya kwanza nilipoinama hivyo mbele ya mafungu ya dagaa, ikapita dakika, ikapita ya pili, mama mmoja mwenye kilemba cha njano akamwambia mwenzake kwa sauti ya kunisikizisha mimi: "Mwacheni kwanza, yuko kwenye sala." Wakaangua kicheko mpaka makuli wenye magunia mabegani wakageuka kutazama.

Nilipoinua kichwa nikamwamkia, nikamwomba nimpige picha yeye na ungo wake. Akanipima kwa macho.

"Halafu hiyo picha?"

"Picha nitaleta, mama."

Hapo ndipo alipocheka cha kweli. "Haya, piga. Wote huwa mnaleta."

Niliondoka na hilo neno. Pale Mwaloni watu wanapigwa picha kuliko maharusi. Anakuja mtalii, anakuja mwanafunzi na utafiti wake, anakuja mtu wa mradi na kofia ya mradi, anakuja kijana wa mitandaoni na simu juu ya fimbo. Dagaa wanang'aa, magunia yamepangwa hadi karibu na bati, kayabo, yaani samaki wa chumvi, inasubiri lori la kwenda Kongo, na nyuma ya yote hayo kuna ziwa. Hata asiyejua kupiga anatoka na picha. Sura ya yule mama bila shaka imeshafika miji ambayo mwenyewe hajaisikia. Nyumbani kwake, aliniambia baadaye, kuna picha yake moja tu ya karatasi, nayo ni ile ndogo iliyobaki alipopiga za kitambulisho.

Kamera yenyewe ni Yashica-Mat 124G, na si yangu kwa maana ya kuinunua. Ni ya mjomba. Mjomba alikuwa na studio ya picha Makoroboi, mtaa uliopata jina kwa vibatari vilivyokuwa vikitengenezwa pale kwa makopo. Chumba kimoja, pazia lililochorwa ngazi na maua ambayo hayaoti popote duniani, stuli moja, kioo na chanuo la wateja lililofungwa kwa uzi lisiibwe. Nyuma ya pazia ndiyo chumba cha giza, na sisi watoto tulikatazwa kufungua mlango ule hata nyumba ikiungua.

Kwake mteja alilipa nusu, akapewa kikaratasi, akarudi baada ya siku tatu. Wapo ambao hawakurudi. Picha zao mjomba hakuzitupa, alizitia kwenye kopo la biskuti, na nimemshuhudia akimsimamisha mtu sokoni, "Bwana, ile picha yako na shemeji mbona hamji kuichukua?" wakati huyo shemeji walishaachana zamani na mke wa sasa kasimama hapohapo na kikapu. Kopo lile lilimletea mjomba matatizo zaidi ya moja. Hakuacha.

Baadaye zikaja mashine za kusafisha picha za rangi kwa saa moja, kisha simu, na studio ikawa duka la vifaa vya umeme. Kamera ikalala kabatini ndani ya khanga. Nilipoipata, lenzi ya chini ilikuwa na ukungu wa nyuzinyuzi kama utando wa buibui mchanga, jambo la kawaida kwa kioo kilichofungiwa gizani karibu na ziwa, na shata, kile kilango kinachopitisha mwanga, ilikuwa inanata: ukiweka sekunde moja inafunguka, inafikiri, inafunga ikijisikia. Fundi wa kamera sikumpata. Nikampelekea fundi saa. Aliifungua lenzi, akakaa kimya muda mrefu, akasema, "Hii ni saa tu, ila inahesabu kidogo." Nadhani sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Akasafisha kwa petroli ya viberiti na pamba, na tangu siku ile shata inalia tik, sauti ndogo kuliko ya mtu kubonyeza kalamu.

Kwa ambao hawajaiona: ni boksi lenye macho mawili, moja juu ya jingine. La juu linakuonyesha wewe, la chini linapiga. Nyuma ya jicho la juu kuna kioo kilicholala kwa nyuzi 45, kinairusha picha juu kwenye kioo chenye ukungu ambacho ndicho unachokiinamia. Wajerumani wa Franke & Heidecke, mjini Braunschweig, ndio walioipa kamera ya namna hii umaarufu kwa Rolleiflex yao ya mwaka 1929. Baada yao kila mtu akatengeneza ya kwake: Wasovieti na Lubitel, Wachina na Seagull, Wajapani na Yashica, Minolta na nyingine nyingi. Yangu ni ya ukoo ulioanza kutoka kiwandani mwaka 1970.

Namba 124 si urembo. Mkanda wa filamu wa 120 unatoa picha 12, ule mrefu wa 220 ulikuwa unatoa 24. Na G ni ya dhahabu, iliyopakwa kwenye viunganishi vya umeme vya kipima mwanga. Kipima mwanga hicho hakifanyi kazi, kwa sababu kiliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri za zebaki zimepigwa marufuku. Wachimbaji wadogo wa Geita, ng'ambo ya ghuba, wanatafuta zebaki ya kukamatia dhahabu. Mimi dhahabu ninayo, nimekosa zebaki.

Kwa hiyo napima mwanga kwa kivuli, kama mjomba. Kanuni yake ni rahisi: jua likiwa kali na kivuli chako kina ukingo kama uliokatwa kwa wembe, weka tundu la lenzi f/16 na spidi ya shata ilingane na namba ya ISO ya mkanda, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga. Mkanda wa 400, shata 1/500, ambayo ndiyo mwisho wa kamera yangu. Ukingo wa kivuli ukilainika, f/11. Kivuli kikionekana kwa kubahatisha, f/8. Kisipoonekana kabisa, f/5.6. Zaidi ya hapo, Mwaloni pana nyongeza mbili. Dagaa wakavu wakianikwa na jua likawapiga, wanarudisha mwanga kama mabati mapya, na ziwa nyuma yao linafanya hivyohivyo, basi unabana hadi f/22. Kinyume chake, mtu mweusi aliyevaa kilemba au kofia saa sita mchana, hapa ambapo jua linasimama utosini, uso wake wote uko kivulini hata kama amesimama juani. Ukimpigia f/16 unapata kilemba kizuri sana na shimo jeusi chini yake. Namsogeza chini ya turubai, nafungua hadi f/5.6, au nakuja saa moja asubuhi wakati mwanga bado unatoka ubavuni.

Kinachowachanganya wageni wote wa kamera hii ni kwamba picha kwenye kioo imesimama wima ila imegeuka kushoto kulia, kama ujionavyo kwenye kioo cha kunyolea. Majina yaliyoandikwa ubavuni mwa mitumbwi yanasomeka kinyumenyume. Mtumbwi unaoingia kutoka kushoto wewe unauona unatoka kulia. Ukitaka kuufuata unageuza mwili upande usio wake na unaupoteza kabisa. Nilipoteza mitumbwi minne hivyo kabla mikono haijakubali kufanya kinyume cha macho. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu alinitazama nikizunguka kama kuku aliyekatwa shingo, akauliza kwa upole kama ninaumwa.

Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", akaitikia, nikamwonyesha. Aliinama juu ya kile kioo muda mrefu kuliko mtu yeyote. Lile boksi linafanya ulimwengu uwe mdogo na wa kimya, sentimita 6 kwa 6 tu, na vitu vinatembea humo bila kujua. Aliangalia ziwa alilolivua maisha yake yote, likiwa limegeuzwa. "Wabeja," yaani asante, akasema akinirudishia, kisha akaongeza, "Kwa hiyo Saanane iko upande huu sasa?" akionyesha mahali ambapo kile kisiwa hakijawahi kuwepo.

Jambo jingine: unapoinama humkodolei mtu macho. Simu na kamera za kawaida zinamnyooshea mtu kitu usoni, naye anajikaza au anageuka. Mbele ya kamera ya kifuani wewe ndiye unayeinamisha kichwa, na yeye anabaki amesimama akikutazama utosi. Sisemi watu wanajua kwa nini, ila wanasimama tofauti. Mabega yanashuka. Kasoro ni milimani: kule Igogo na Mabatini, mtu akionekana na boksi la ajabu akichungulia kati ya nyumba zilizojengwa juu ya mawe, wanadhani ni mpimaji ardhi, na mpimaji ardhi hapendwi na mtu. Kule sitoi kamera kabla sijakunywa chai kwa mwenyeji.

Lile Jiwe la Bismarck, alama ya Mwanza, sijalipiga hata mara moja. Lina picha za kutosha. Mkanda mmoja mpaka unifikie, nikimwagiza mtu anayesafiri, unakuwa umenigharimu zaidi ya kilo mbili za sato, na una nafasi 12 tu. Nafasi 12 huzimwagi kwa jiwe lisilokwenda kokote.

Sasa turudi kwa mama wa kilemba. Mkanda ule niliusafisha mwenyewe jikoni, na hapa niseme kuhusu barafu. Dawa ya kusafishia, mimi natumia ID-11, inataka nyuzi joto 20. Kwa mkanda wa HP5 Plus, dawa isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani na yanafika kwangu yakiwa vuguvugu. Dawa kwenye joto hilo inakimbia, na picha inatoka ngumu, nyeupe na nyeusi bila katikati. Kwa hiyo nanunua barafu palepale Mwaloni, kwa wauza barafu ya samaki, naivunja kwenye karai la maji, nasimamisha humo chupa za dawa na tangi, natumbukiza kipimajoto na kusubiri. Jikoni panakuwa na harufu ya sangara na siki kwa pamoja. Mke wangu ameshatoa maoni yake, na nimeyapokea.

Kuutia mkanda kwenye tangi kunahitaji giza totoro, na sina chumba cha giza. Nasubiri usiku, nafunga mapazia, naingia chini ya blanketi. Umeme ukikatika mtaa mzima watu wanalalamika. Mimi natafuta mkasi. Nadhani ni mtu pekee huku kwetu anayefurahia.

Humo gizani unatenganisha mkanda na karatasi yake ya mgongoni kwa kupapasa, kisha unausokota kwenye gurudumu. Halafu dakika zile saba na nusu za kugeuza tangi juu chini, unamwaga, unatia ya pili, unatia ya tatu, unasuuza. Kutoka hapo unafungua na kuuvuta. Hii sehemu sijaizoea. Mkanda unatoka unadondoka maji ya ziwa, na juu yake kuna ziwa, jeupe kwa jeusi, dagaa weusi kama makaa, na watu wenye nyuso za mwanga.

Fremu ya 7 ilikuwa yeye. Mikono yake juu ya ungo imekaa sawasawa, vidole viwili vimeshika kipande cha taka kilichochanganyika na dagaa, kila kucha inaonekana. Negativu ya ukubwa huu inabeba vitu ambavyo jicho langu halikuviona pale: nyuzi za khanga zilizoanza kufumuka, magamba mawili yaliyoganda kwenye kifundo cha mkono. Uso wake unakaribia kucheka. Na juu ya nyusi, picha imeisha. Hakuna paji la uso, hakuna kilemba.

Ni lile jicho la juu. Liko sentimita 4 hivi juu ya jicho linalopiga, na mtu akiwa mbali tofauti hiyo haina maana yoyote. Akiwa karibu, mita moja kutoka kwako, jicho la juu linakuonyesha ukingo wa kilemba na jicho la chini halikioni kabisa. Kuna kamera za aina hii zenye utaratibu wa kurekebisha jambo hilo. Yangu haina, mpigaji ndiye anayetakiwa kukumbuka kuinua kidogo kabla ya kubonyeza. Nami siku ile nilikuwa nimebana fremu kwa tamaa ya ile mikono, na nikasahau.

Nilifikiria kutoipeleka. Nilifikiria kwa uzito kabisa, nikajiambia nitampiga nyingine nzuri, ndipo nipeleke. Halafu nikajiona ninavyoingia taratibu kwenye lile kundi la "wote".

Kuna mwanamke mmoja wa Chicago, Vivian Maier, ambaye wapenzi wa kamera hizi humtaja kila wakati. Alikuwa yaya, akitembea mitaani na Rolleiflex kifuani miaka na miaka, na aliacha negativu zaidi ya 100,000. Zilianza kujulikana mwaka 2007 vitu vyake vilipopigwa mnada, naye akafariki mwaka 2009 bila kuona umaarufu wake. Mikanda mingi hakuwahi hata kuisafisha. Picha zake ni nzuri sana, na sina la kumfundisha. Lakini kila nikizitazama nawawaza wale waliomo: yule mtoto anayelia, yule mzee wa kofia. Waliwahi kujiona? Mjomba angetafuta kopo la biskuti.

Basi nikapeleka negativu zangu, nilizozipiga kwa kamera ya dijitali juu ya kibao cha mwanga, kwenye studio moja mjini. Kijana wa kaunta akasema picha zangu ni fupi, hazijai karatasi, anijazie? Nikamwambia asiijaze, ni mraba, aache nyeupe pembeni. Akaitikia vizuri kabisa. Nilipokwenda kuchukua, alikuwa amezijaza zote, na wale ambao mimi nilikuwa sijawakata, yeye aliwakata. Zikarudiwa. Hela sikuongezwa, muda nao haukurudi.

Zilipita wiki tatu tangu ile "nitaleta". Nilifika Mwaloni saa mbili asubuhi na bahasha ya picha 11, kwa sababu fremu moja kati ya 12 nilipiga kidole changu mwenyewe. Mama alikuwa mahali palepale, kilemba kingine, cha bluu. Nikamwamkia, nikampa ya kwake.

Aliishika kwa ncha za vidole, kwa kuwa mikono ilikuwa na dagaa. Akaisogeza, akaivuta karibu.

"Kilemba changu kiko wapi?"

Nikamweleza habari ya macho mawili, la juu na la chini, na lile pengo katikati. Alisikiliza hadi mwisho kama mtu anayesikiliza sababu za mdeni.

"Kwa hiyo jicho la juu linakudanganya."

"Mtu akiwa karibu, ndiyo, mama."

"Na wewe unajua linakudanganya."

"Najua."

"Ila ulisahau." Akamgeuzia mwenzake ile picha. "Mwone. Ameileta, lakini ameniacha kichwa kwake." Wakacheka tena, na safari hii nami nikacheka. Kisha akanawa mikono kwenye ndoo, akaikausha kwenye khanga kidole kimoja kimoja, akanyoosha mkono kuomba bahasha yote.

Akazimwaga picha kwenye ungo. Akaanza kuzichambua vilevile anavyochambua dagaa, kwa kasi, kwa kidole gumba na cha shahada, hii huku, hii kule. "Huyu yupo, yuko kwenye lori. Huyu kahamia kisiwani Goziba, mpe kaka yake yule wa kofia. Huyu anauza kayabo pale nyuma. Huyu simjui, si wa hapa. Huyu..." alinyamaza kidogo, "huyu mpe mama yake, lakini si leo, leo ana wageni." Ndani ya dakika moja picha kumi zilikuwa mafungu manne, na mimi nilikuwa nimepewa maelekezo ambayo yangenichukua mwezi kuyapata. Ya kwake hakuitia kwenye fungu lolote. Aliifunga kwenye pindo la khanga, pale anapofunga hela.

"Na ya kwako iko wapi?" akauliza.

Nilikuwa na mkanda mpya kwenye kamera, umebaki fremu moja. Nikamvisha kamba ya ngozi shingoni, nikamwekea f/5.6 kwa kuwa tulikuwa chini ya turubai, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikasimama karibu na magunia. Akainama. Wenzake wakaanza, "Kimya jamani, sala!" Alinitafuta kwenye kioo, nikampotea, akageukia upande usio wangu, akanipoteza zaidi, akatukana kidogo, akanipata. Kisha akapiga hatua mbele. Na nyingine.

Nilijua yuko karibu mno. Sikusema kitu.

Tik.

"Hiyo ni ya kwangu," alisema akivua kamba. "Utaleta."

Negativu imekauka jana usiku. Nimesimama mbele ya magunia, nacheka meno yote nje, na ukingo wa juu umenipitia katikati ya paji la uso. Kijana wa kaunta nimemwandikia kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha: usijaze. Jumamosi naipeleka.